Mikanda Mitatu Isiyo na Rangi: The Curse of Frankenstein (1957) Ilivyofika Kwenye Blu-ray

Desemba 2020 Warner Archive, kitengo cha filamu za zamani cha Warner ya Marekani, kilitoa The Curse of Frankenstein katika diski mbili za Blu-ray. Ni filamu ya dakika 83 iliyopigwa na kampuni ya Hammer katika studio za Bray, kando ya mto Thames nchini Uingereza, kuanzia Novemba 1956, na kuonyeshwa London mwezi Mei 1957. Kabla ya diski hizo palikuwa na DVD ya Marekani ya 2002, kisha Blu-ray ya Uingereza ya 2012. Hiyo ya 2012 ilipokelewa kwa manung'uniko mengi: picha laini, rangi iliyochoka, nyuso zisizo na uhai. Miaka minane baadaye, kwa diski za aina ile ile zenye uwezo ule ule, picha ikatoka nyingine kabisa. Sababu ni mikanda iliyotolewa ghalani safari hii, na namna ilivyounganishwa.

Kwanza tuseme kwa nini rangi ni jambo kubwa hapa. Frankenstein ya Universal ya 1931 ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Hammer, kwa bajeti ya takriban pauni 65,000, walikuwa wanatengeneza filamu yao ya kwanza ya kutisha yenye rangi, na Universal walikuwa macho wasije wakaigiwa ile sura ya zimwi aliyoibuni Jack Pierce. Msanii wa vipodozi Phil Leakey akalazimika kumtengenezea Christopher Lee, aliyeigiza zimwi, sura mpya: ngozi iliyochanikachanika na kushonwa, jicho moja lenye ukungu. Mwongozaji Terence Fisher na mpiga picha Jack Asher wakaibeba hofu yote juu ya rangi. Damu ilikuwa nyekundu kwelikweli, vimiminika vya maabara vilikuwa vya kijani na vyekundu, taa ziliwekewa karatasi za rangi ili kivuli kimoja kielemee zambarau na kingine kijani. Paul, mwalimu na mshirika wa Frankenstein, anapompiga zimwi risasi ya jicho kule msituni, zimwi linajifunika uso kwa kiganja na damu inachuruzika. Mtazamaji wa 1957 hakuwa amezoea kuona kitu kama hicho. Damu hiyo ikitoka ya kahawia kwenye televisheni yako, tukio limekufa.

Sasa tatizo. Filamu ilipigwa kwa Eastmancolor, mkanda mmoja wenye tabaka tatu za rangi za kemikali zilizopangwa moja juu ya nyingine: ya manjano, ya majenta (waridi iliyokolea) na ya sayani (buluu ya kijani). Eastmancolor ilirahisisha kazi, kwa kuwa haikuhitaji kamera kubwa ya Technicolor yenye mikanda mitatu. Lakini rangi zake za miaka ya 1950 hazidumu. Nakala za sinema za wakati ule hupoteza sayani na manjano, zikabaki za waridi kama dawa ya kikohozi. Negativu, yaani mkanda halisi uliopita kwenye kamera, nayo haiponi. Mara nyingi tabaka la manjano, linalobeba taarifa za buluu, ndilo hutangulia kufifia. Anayeskani negativu ya namna hiyo anaweza kuisukuma buluu kwa kompyuta hadi ngozi za watu zionekane sawa, lakini anaposukuma taarifa dhaifu anasukuma na chengachenga zake, zile punje za picha. Vivuli vinaanza kuchemka, na nyeusi inageuka buluu yenye vumbi. Fundi asiyependa hilo huja na kichujio cha kulainisha, na hapo ndipo nyuso zinapogeuka nta.

Dawa ya ugonjwa huu ilikuwa ikijulikana tangu zamani, ila iligharimu pesa, kwa hiyo si kila filamu iliipata. Unachukua negativu ya rangi ingali mpya na kuipitisha mbele ya mwanga mara tatu: mara moja kwa kichujio chekundu, mara moja kwa cha kijani, mara moja kwa cha buluu. Kila safari unachapa kwenye mkanda mpya usio na rangi. Mwisho unakuwa na mikanda mitatu ya kijivu. Kila mmoja umehifadhi theluthi moja ya rangi kwa chembe za fedha, na fedha iliyosafishwa vizuri haififii. Warner walikuwa na mikanda ya hifadhi ya aina hii kwa The Curse of Frankenstein, na toleo la 2020 limetokana na skani za 4K za mikanda hiyo.

Hesabu ya kazi yenyewe inasaidia kuelewa kwa nini si kila kampuni huikimbilia. Mkanda wa 35mm hupita futi 90 kwa dakika, hivyo dakika 83 ni futi 7,470. Mara tatu ni futi 22,410. Kwa fremu 24 kwa sekunde, filamu ina fremu 119,520, na kwa mikanda mitatu unaskani fremu 358,560. Fremu moja ya kijivu ya pikseli 4096 kwa 3112, ikihifadhiwa kwa biti 16, ni megabaiti 25 na ushee. Jumla inakaribia terabaiti 9 kabla hujagusa vumbi hata moja. Gharama ya kuskani peke yake ni mara tatu ya negativu ya kawaida, na kuskani ndiyo sehemu rahisi.

Kulandanisha

Ugumu unaanza mikanda mitatu inapotakiwa kuwa picha moja. Plastiki ya filamu husinyaa kadiri miaka inavyopita, na mikanda mitatu haisinyai sawasawa, hata ikiwa imekaa rafu moja. Tuseme mkanda wa nyekundu umesinyaa asilimia 0.1 zaidi ya mwenzake wa kijani. Kwenye upana wa pikseli 4096 hiyo ni tofauti ya pikseli 4 kutoka ukingo hadi ukingo. Ikishushwa hadi Blu-ray, yenye pikseli 1920, inabaki takriban pikseli 2. Kwenye televisheni ya inchi 55 ni zaidi kidogo ya milimita moja.

Milimita moja inatosha kuharibu filamu nzima. Mtazame Peter Cushing, yaani Frankenstein mwenyewe, amevaa koti lake la maabara mbele ya ukuta wenye giza. Nyekundu ikiwa imesogea kushoto, bega la kushoto litakuwa na uzi mwembamba mwekundu na bega la kulia litakuwa na uzi wa sayani. Mshumaa nao utapata pembe mbili za rangi. Ukikaa mbali huoni nyuzi hizo. Unachoona ni picha iliyolegea kama lenzi haikukaa sawa, na watu wengi huilaumu kamera ya 1956 kwa kosa lililofanyika maabara miaka mingi baadaye.

Zamani mikanda hii iliunganishwa kwa mashine ya kuchapia yenye lenzi. Mashine hiyo ingeweza kusogeza picha nzima juu, chini au pembeni, basi. Ukilandanisha katikati, kingo zinakataa. Kompyuta inaweza kuivuta picha kama kitambaa, kila eneo kwa kipimo chake, fremu kwa fremu. Ndiyo maana mikanda hii imepata thamani mpya. Hata hivyo programu huhitaji jicho la mtu. Inatafuta kingo zinazofanana katika mikanda mitatu, na kwenye tukio la giza lenye moshi kingo hazipo. Ikikisia vibaya, picha inaanza kupumua taratibu, na ukuta wa jiwe unaonekana kutikisika. Inabidi fundi achukue vipimo vya kulandanisha vya tukio lililotangulia na kuvishikilia pale.

Kuna kosa la pili ambalo halihusu mahali bali uzito. Kila mkanda ulisafishwa kwa dawa yake, na ukali wa weusi na weupe wake hutofautiana na wa mwenzake. Ukipima kijivu cha katikati pekee, katikati itakuwa sahihi, ila vivuli vitaelemea kijani na sehemu zenye mwanga zitaelemea majenta. Huwezi kulitibu kwa kitufe kimoja cha rangi, kwa sababu ukiondoa kijani kivulini unaongeza majenta usoni. Inatakiwa kila mkanda unyooshwe mkunjo wake wote, kuanzia nyeusi kabisa hadi nyeupe kabisa, kabla ya kuunganishwa. Katika filamu ya Asher, aliyetia rangi vivulini kwa makusudi, hili ni hatari maradufu: fundi anaweza kuona kivuli cha kijani akadhani ni ugonjwa, akamfutia mpiga picha kazi yake. Kinachomwongoza ni vitu vyenye rangi inayojulikana ndani ya tukio lile lile, yaani shati jeupe, ngozi, mwali wa mshumaa. Kama shati ni jeupe na kona ya chumba ni ya kijani, basi kijani hicho kiliwekwa na taa.

Vumbi, kwa upande mwingine, huwa rahisi kidogo kwa mikanda hii, na ni jambo linalopendeza. Kwenye mkanda wa hifadhi ulio pozitivu (kinyume cha negativu: penye giza ni giza, penye mwanga ni mwanga), punje ya vumbi huzuia mwanga wa skana. Ikiwa imekaa kwenye mkanda wa nyekundu, picha inapungukiwa nyekundu pale tu, na unaona doa la sayani. Kwenye mkanda wa kijani doa ni la majenta, na kwenye wa buluu ni la manjano. Mikanda mingine miwili inajua kilichokuwa pale, kwa hiyo kompyuta ina ushahidi wa kuzibia. Ila usitegemee mwanga wa infraredi unaotumika kutafuta vumbi kwenye filamu za rangi. Chembe za fedha huzuia infraredi kama vumbi lenyewe, na picha nzima itasomeka kuwa uchafu.

Ukiona doa moja la rangi likiwaka kwa fremu moja kwenye diski za namna hii, umeshajua limetoka mkanda upi.

Maumbo matatu

Jambo la pili linalolitofautisha toleo la 2020 ni kwamba filamu imewekwa kwa maumbo matatu: 1.37, 1.66 na 1.85. Namba hizi ni upana ukigawanywa kwa kimo. Fremu ya 35mm ilirekodi picha ya kimo kirefu, na mwonyeshaji sinema aliweka kibamba cha chuma kwenye projekta kuficha juu na chini. Uingereza ya 1957 ilikuwa ikipenda 1.66, Marekani 1.85. Televisheni za baadaye zilionyesha picha yote, ndiyo maana kizazi kizima kiliizoea filamu hii kwa umbo la 1.37.

Kwa vipimo, kutoka 1.37 kwenda 1.66 unapoteza asilimia 17.5 hivi ya kimo. Kwenda 1.85 unapoteza asilimia 26. Kwenye diski yenye pikseli 1920 kwa 1080, picha ya 1.37 inachukua upana wa pikseli 1480 na kuacha nguzo nene nyeusi kushoto na kulia. Ile ya 1.66 inachukua 1793, nguzo zikawa nyembamba. Ya 1.85 inajaza upana wote na kuacha mistari myembamba juu na chini, kwa kuwa kimo chake ni pikseli 1038.

Ipi ya kutazama? Anza na 1.66. Filamu ni ya Kiingereza, watu waliosimama nyuma ya kamera walijua itaonyeshwa vipi kwao, na nafasi juu ya vichwa inakaa vizuri. Katika 1.37 unapata dari na sakafu zaidi, na kwa anayependa kuchunguza vyombo vya maabara hiyo ni raha, lakini katika mazungumzo vichwa vinazama katikati ya fremu na nguvu ya nyuso inapungua. 1.85 inabana. Christopher Lee alikuwa na urefu wa sentimita 196, na akisimama mlangoni na Cushing mbele yake, kila sehemu ya kimo ina kazi. Pale zimwi linapovua bendeji na kamera kulirukia uso, 1.66 inabakiza nywele na kidevu pamoja, na uso unakuja mzima kama Leakey alivyoushona. Wengine watashikilia 1.85 kwa sababu DVD ya 2002 ilikuwa hivyo. Ni haki yao, na ndiyo sababu uamuzi wa kuweka yote matatu unastahili pongezi.

Uamuzi huo una bei yake kwenye nafasi. Maumbo matatu kwa diski mbili maana yake walau diski moja inabeba filamu mara mbili. Dakika 166 kwa kasi ya megabiti 30 kwa sekunde zinahitaji takriban gigabaiti 37, ambazo zinaingia kwenye diski ya tabaka mbili ya gigabaiti 50, lakini haziingii kwenye ile ya 25. Angejaribu mtu kubana kwenye tabaka moja, chengachenga zingekuwa za kwanza kuumia: zingegandana kuwa vijisanduku kwenye vivuli, hasa ngazi za maabara na msitu wa jioni. Katika diski za filamu za zamani, kasi ndogo ya data hujionyesha kwenye giza kabla ya mahali pengine popote.

Vipande vilivyokatwa

Bodi ya ukaguzi ya Uingereza iliipa filamu cheti cha X, cha filamu zisizofaa watoto, na picha kadhaa zilikuwa na maisha tofauti nchi hadi nchi. Inayozungumzwa zaidi ni ile ya karibu ya jicho linalotazamwa kupitia kioo cha kukuzia. Kwa miaka mingi nakala nyingi hazikuwa nayo, na toleo la Uingereza la 2012, pamoja na udhaifu wake wote, ndilo lililotangazwa kwa kuirudisha. Unapokutana na kipande kilichorudishwa katika filamu yoyote ya umri huu, tarajia rangi na ukali vibadilike ghafla kwa sekunde chache, kwa sababu kimetoka kwenye nakala nyingine.

Mabadiliko mengine ya ghafla yana sababu tofauti kabisa. Tukio moja linapoyeyukia jingine, athari hiyo ilitengenezwa maabara kwa kuchapa picha mbili kwenye mkanda mpya. Kipande hicho ni kizazi cha pili, kwa hiyo chengachenga huongezeka na rangi hufifia kidogo, mara nyingi kuanzia pale kipande kilipounganishwa, sekunde kadhaa kabla hujaona chochote kikiyeyuka. Hiyo imo kwenye negativu tangu 1957. Usirudishe diski dukani kwa ajili yake.

Sauti ni ya njia moja, kama ilivyokuwa. Sauti ya mwanga ya enzi hiyo, iliyochapwa pembeni mwa picha kwenye mkanda, haina mengi juu ya kilohezi 8, na muziki wa James Bernard, wenye nyuzi zinazopanda kama mtu anayekimbizwa, huumia haraka fundi akizidisha kuondoa mchakacho wa nyuma. Ukisikia mwangwi wa chumba unakatika ghafla baada ya kila neno, kichujio kimezidi. Heri mchakacho kidogo.

Kwa anayenunua akiwa Afrika Mashariki

Diski nyingi hufungwa zichezwe katika eneo fulani tu la dunia. Kwa DVD tuko eneo la 5, kwa Blu-ray tuko eneo B pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati. Blu-ray za Uingereza zitacheza kwenye mashine zetu. Za Warner Archive kwa kawaida hazifungwi kwa eneo, ila soma mgongo wa kasha kabla ya kulipa, kwani duka la mtandaoni huandika chochote. DVD za Ulaya huharakishwa hadi fremu 25 kwa sekunde: dakika 83 zinakuwa chini kidogo ya 80, na sauti ya Cushing inapanda kwa asilimia 4 hivi. Blu-ray ya fremu 24 haina tatizo hilo.

Warner Archive ilianza mwaka 2009 kwa DVD zilizochomwa moja moja kwa oda, na nyingi bado zinazunguka mitumbani. Diski ya kuchomwa huhifadhi data kwenye rangi ya kikaboni ambayo haipendi joto na jua. Mtu wa Mombasa au Dar aiweke kabatini, mbali na dirisha. Blu-ray zao hupigwa kiwandani kama diski nyingine, na hazina udhaifu huo.

Televisheni nayo irekebishwe kabla ya kulaumu diski. Weka mashine itoe 1080p kwa fremu 24. Zima ulainishaji wa mwendo, la sivyo filamu itaonekana kama tamthilia ya kila jioni. Shusha kitufe cha ukali hadi sifuri au pale mtengenezaji alipoandika kuwa hakiongezi kitu, maana kikizidi kinachora mstari mweupe kuzunguka kila bega, na utashindwa kuutofautisha na mikanda isiyolandana. Chagua hali ya picha ya sinema, si ya dukani. Mwisho tafuta kwenye menyu ya ukubwa wa picha chaguo la kuonyesha pikseli zote. Televisheni nyingi hukuza picha kwa asilimia 3 hadi 5 zikificha kingo, na hapo 1.66 unayoitazama si 1.66 tena. Kipimo cha haraka: cheza toleo la 1.85 na utazame juu na chini. Mistari miwili nyeusi, pikseli 21 kila mmoja, lazima ionekane yote. Isipoonekana, televisheni bado inakata.